Mkono Alioufunga Mama Mkwe

Nawasalimu nyote mliokaa kwenye mabenchi haya. Wazee wangu, shikamooni. Wengine mmeshika majibu mkononi, wengine bado mnasubiri kuitwa, na wengine mmewasindikiza tu wagonjwa wenu. Poleni na kusubiri. Wauguzi wameniomba nizungumze nanyi kidogo kabla daktari hajaanza kuwaona. Niliwaambia kidogo siwezi. Anayetaka maneno machache akamsikilize mume wangu, yeye kwa siku nzima anatumia matatu.

Naitwa Aisia, lakini jina hilo nyumbani halitumiki tena. Mimi ni Mama Glory. Nimeolewa kule juu mlimani. Tuna kihamba chetu cha migomba na kahawa, tuna ng'ombe wawili wa bandani, na mimi nina meza yangu soko la Kiboriloni, nauza ndizi na vitunguu. Mume wangu ni kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kwa hiyo mama mkwe nilimkuta ndani, na ndani nimekaa naye mpaka leo. Anaitwa Bibi Aikande. Ni mfupi, mkali, na tangu niolewe hajawahi kunisifia chakula. Akimaliza sahani, hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa nguvu. Sijisifu, waulizeni watu wa Kiboriloni. Mkungu wa ndizi ambao mwanamume anamwita mwenzake wasaidiane, mimi nilikuwa naunyanyua, natia kichwani, natelemka nao mpaka barabarani huku nasalimia watu njia nzima. Majani ya ng'ombe nakata mwenyewe, nafunga mzigo mwenyewe, nabeba mwenyewe. Mtu akilalamika mgongo unamuuma nilikuwa namwangalia tu. Nilidhani wagonjwa ni watu wa aina yao, na mimi si wa aina hiyo.

Ilianza bandani, asubuhi, nikikamua. Nilikuwa nimechuchumaa, kichwa nimekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, na titi langu la kulia likagusana na goti. Nikahisi kitu. Hakikuuma. Ilikuwa kama goti limegonga kokwa la parachichi. Nikasogea, nikagusisha tena, kipo. Nikaweka ndoo chini nikajipapasa kwa vidole vyenye maziwa. Kigumu, hakisogei, hakiumi. Ng'ombe akageuza shingo kuniangalia, anashangaa kwa nini nimeacha kazi katikati.

Wa kwanza kumwambia hakuwa mume wangu. Nilimwambia mama mkwe, kwa sababu ndiye aliyekuwa jikoni. Alinawa mikono kwa maji ya moto, akaniketisha kwenye kigoda, akanipapasa polepole kama anayechagua ndizi sokoni. Alipofika mahali pale akasimama.

"Nyama ya mtu haiwi hivi," akasema. "Vaa. Tunashuka Moshi."

"Mama, leo ni siku ya soko."

"Soko lipo siku zote. Vaa, Mama Glory."

Nikavaa. Mpaka leo nikikumbuka nasema asante kwa ukali ule. Wangapi kati yetu tumeambiwa tusubiri, tupake hiki, tukande kwa kile? Mimi niliambiwa vaa.

Hospitalini walinipiga picha, wakaniingiza sindano nene wakatoa kinyama kwa ajili ya kupima. Titi likavilia damu, likawa la zambarau kama ua la mgomba. Majibu yalipotoka tuliingia chumbani watatu, mimi, mume wangu na mama. Daktari wetu alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya taratibu, miwani anaining'iniza shingoni kwa mnyororo. Alituambia waziwazi kwamba ni saratani ya titi, na kwamba tezi la kwapani nalo limeguswa. Mume wangu alishika ukingo wa meza. Mama hakutikisika.

Watu wakipewa habari kama ile wanalia. Mimi nililia baadaye, tena sana. Pale nilichofanya ni kuuliza, maana ndivyo nilivyo, nikiogopa nauliza. Nikasema, "Daktari, kwa nini ni kigumu? Titi ni laini. Ugumu huu umetoka wapi?"

Akaniangalia kidogo, akatabasamu. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Nauza ndizi na vitunguu."

"Vitunguu vinakufikia kwenye ile mifuko ya wavu?"

"Ndiyo."

"Basi tutaelewana," akasema, akavaa miwani.

Akanieleza kwamba mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hizo ndizo vitunguu. Lakini seli hazielei tu hewani. Zimekaa ndani ya wavu wa nyuzi, na katikati ya nyuzi kuna ute. Nyuzi nyingi ni za protini iitwayo kolajeni. Wavu ule unaishika kila seli mahali pake, na zaidi ya kuishika, unaipa habari. Unaiambia hapa ni ngozi, hapa ni ini, hapa tulia, hapa kua, hapa imetosha. "Tofauti na mfuko wako wa sokoni," akasema, "ni kwamba huku seli zenyewe ndizo zinazousuka wavu, na kuufumua, na kuusuka tena, tangu uko tumboni mwa mama yako mpaka leo."

Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe."

Nikauliza, "Na saratani?"

"Saratani si seli mbovu peke yake. Seli mbovu zinawachokoza majirani zao, nao wanasuka nyuzi nyingi kupita kiasi na kuzikaza. Wavu uliolegea ukiuvuta kwa nguvu, unakuwaje?"

"Unanyooka. Unakuwa kama waya."

"Huo ndio ugumu uliokutana na goti lako. Na nyuzi zikishanyooka hivyo, seli za saratani zinazishika na kutambaa juu yake, zinazifanya njia. Mahali penye kizuizi zinatoa kemikali za kuyeyusha nyuzi, zinapita. Zikifika kwenye mishipa ya damu au kwenye matezi, zinasafiri."

"Na zangu zimesafiri?"

"Zimefika kwapani. Kwingine kote tumetafuta, hatujaziona. Ndiyo maana tunaanza sasa hivi."

Niwaambie ukweli, hata katika hofu ile nilistaajabu. Miaka yote nimeishi ndani ya mwili huu, nausugua, nauvika, naulisha, na sikujua kama kuna wavu. Nilidhani ni nyama na damu na mifupa, basi. Njiani kurudi, ndani ya bajaji, nikaanza kulia kwa sauti. Mama mkwe alinishika mkono wa kulia, huu huu, akaushika mpaka tulipofika kituoni.

Tulianza na dripu za kemo, dawa ya kuua saratani. Kemo siwafichi, ni ngumu. Nywele zilitoka kwa mafungu, nikazikuta kwenye mto na kwenye bakuli la mboga. Mdomo ulichubuka ndani, hata uji wa vuguvugu ulikuwa unaniunguza. Kucha ziligeuka nyeusi. Nilikuwa nanusa kitunguu natapika, mimi muuza vitunguu. Ila uvimbe ulikuwa unapungua, daktari akinipima ananiambia umelainika, na neno hilo lilikuwa linanipa nguvu ya kupanda kitandani kwa dripu nyingine.

Kisha wakanipasua. Titi liliondolewa lote pamoja na matezi ya kwapani. Nilizinduka nikiwa na mrija umetoka chini ya kwapa, umeingia kwenye chupa ya plastiki, na maji yenye damu yanachuruzika. Mara ya kwanza kujitazama kwenye kioo niliona kifua cha upande mmoja kama cha mvulana, na mshono umepita kutoka katikati mpaka ubavuni. Mume wangu alisimama nyuma yangu. Akasema, "Upo." Hilo lilikuwa mojawapo ya yale maneno yake matatu, na mimi lilinitosha.

Siku ya kuruhusiwa muuguzi alinionyesha jinsi ya kuanza kuinua mkono, kidogo kidogo, kila siku. Nilimweleza mama mkwe tulipofika nyumbani. Mama akasema yule muuguzi ni binti mzuri lakini hajazaa bado, hajui mtu aliyetoka kupasuliwa anatunzwaje.

Baada ya kidonda kufunga nikaenda Dar kwa mionzi, nikakaa kwa wifi yangu. Ngozi ya kifua ikaiva, ikawa nyeusi, ikabambuka kama ya mtu aliyeungua na chai. Nikamaliza, nikarudi mlimani nimekonda, kichwa kipara, nimevaa sweta mbili kwa baridi. Na hapo, jamani, ndipo inapoanza hadithi ya mkono.

Ninyi mlio wa huku mnajua mama mzazi anavyotunzwa kwetu. Mwanamke akijifungua hashiki jembe, hashiki ndoo, hashiki hata mwiko. Anakaa ndani miezi mitatu, analishwa. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni, maziwa, na mlaso wa damu ya ng'ombe wa kumrudishia nguvu. Mama yake au mama mkwe ndiye askari wa mlango. Mimi nilitunzwa hivyo nilipomzaa Glory, na tangu hapo sijawahi kupumzika. Basi mama mkwe aliponiona nimerudi na mshono na sina damu mwilini, aliamua mara moja. Akasema huyu ni mzazi.

Akanilaza kwenye chumba chake, chenye joto. Akanipikia yeye mwenyewe. Akakataza mtu kuniletea habari za soko. Asubuhi alfajiri, mama wa umri ule, alikuwa anachukua mundu anaingia kihambani kukata majani ya ng'ombe, kwa sababu mimi sikutakiwa. Na mkono huu wa kulia aliukunja kifuani, akaufunga kwa kanga, fundo akalitia nyuma ya shingo. "Ili usisahau ukashika kitu," akasema. Kila nikioga anaufungua, anaukanda kwa maji ya moto, anaufunga tena. Mimi kwa mara ya kwanza maishani nililala mchana. Nilinenepa. Mashavu yakarudi. Majirani waliokuja kunijulia hali walikuwa wanamsifu, "Bibi Aikande, umemfufua mtu." Naye anaitikia kwa kukohoa tu, lakini nilikuwa naona amefurahi.

Nilimpenda mno siku zile. Hilo nataka mlisikie kwanza kabla ya linalofuata.

Siku moja nikataka kusuka vinywele vilivyokuwa vinaota. Nikafungua kanga, nikainua mkono wa kushoto, sawa. Nikainua wa kulia. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma. Nikajikaza kisabuni, nikausukuma kwa mkono mwingine. Kifuani pakavuta kama kuna kamba imeshonewa kwa ndani, machozi yakanitoka. Nikapapasa. Kuanzia mbavuni mpaka kwapani palikuwa pagumu. Pagumu vilevile. Ugumu ule ule wa kokwa la parachichi, ila sasa umetandaa kama ubao.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimeshafundishwa maana ya ugumu, na nilijua seli zinatambaa juu ya nini. Nikasema basi, imerudi, na safari hii imechukua kifua kizima. Nikamwita mama. Alikuja akiwa na mwiko mkononi, akanigusa, nikaona uso wake unabadilika. Hakusema vaa. Alinivalisha yeye mwenyewe.

Daktari alinipima muda mrefu, akaagiza picha, akanipima tena. Mimi na mama tumekaa tunasubiri. Hatimaye akavuta kiti akakaa karibu yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Saratani haijarudi," akasema.

Nikamwambia, "Daktari, pagumu. Shika mwenyewe."

"Ni pagumu kweli. Ni wavu, Mama Glory. Wavu ule ule. Tulipokukata na kukuunguza kwa mionzi, mwili ulikimbilia kuziba. Seli zikaanza kusuka kolajeni kwa haraka, hapo hapo, ili zikushike usifumuke. Hiyo ndiyo iliyokuponya kidonda. Lakini baada ya mionzi, seli hizo mara nyingine hazijui kuacha. Zinasuka, zinasuka, na nyama laini inageuka kovu kwa ndani. Linaweza kutokea kwenye ini, kwenye mapafu, kwenye figo. Kwako limetokea kifuani na begani."

"Kwa hiyo kilichoisaidia saratani kutembea na kilichonifunga kidonda na kilichonifunga mkono ni kitu kimoja?"

"Ni kitu kimoja. Kinategemea kinaambiwa nini, na kinavutwaje."

Nilikaa pale nacheka na kulia kwa pamoja. Sikuwa nakufa. Lakini mkono, mkono je? Mimi bila mkono wa kulia ni nani? Nani anatia mkungu kichwani, nani anasimama nyuma ya meza Kiboriloni? Daktari alisema wataalamu duniani wanatafuta dawa za kuulainisha wavu uliokakamaa, ila kwa mkono wangu dawa iliyopo ni kazi. Akanituma chumba cha mazoezi.

Huko nikamkuta dada mmoja wa Tanga, anaitwa Rehema, mtaalamu wa viungo, mwembamba lakini ana vidole kama koleo. Alinishika bega, akalizungusha mpaka linapogomea. Akasema, "Nyuzi hizi zinajipanga kufuata mvuto, mama. Ukizivuta kila siku, zinalala upande unaovuta, zinakuwa na adabu. Ukizinyamazia zinajifungafunga ovyo, kila moja na jirani yake." Halafu akauliza, kwa nia njema kabisa, "Huu mkono ulikuwa umefungwa? Nani aliufunga?"

Mama mkwe alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki, kanga yenyewe ameikunja mapajani. Mama akasema, "Mimi."

Rehema alitaka kumfariji, akamwambia wengi wanafanya hivyo, si kosa la mtu. Mama akaikunja kanga upya, akasimama. Tulirudi nyumbani, akapika, akanipa chakula, akaenda kulala bila kula. Kesho yake hivyo hivyo. Nilitaka kumwambia, mama, ulinipa damu, ulinipa mashavu, bila wewe nisingefika hata huko Dar. Kila nikifungua mdomo anatoka nje.

Kisha asubuhi moja nimekaa jikoni, akaingia ameshika jani la sale. Wasio wa huku niwaeleze, sale ni mmea tunaopanda kwenye mipaka na makaburini. Ukimkosea mtu, hata kama mmekosana vipi, ukimpelekea sale hawezi kukataa kukusamehe. Lakini mkubwa kumpa mdogo, mama mkwe kumpa mkamwana, hilo sikuwahi kuliona. Nikasimama haraka kumzuia.

"Kaa," akasema. "Sikuombi wewe. Wewe nilikulisha vizuri, hatuna deni. Naomba huu mkono."

Akaliweka jani juu ya kiganja changu cha kulia. Akasimama anausubiri. Mimi nikalia, nikafunga vidole, nikalishika. Akajifuta uso kwa upande wa kanga akasema, "Haya. Umekubali. Sasa utanikoma."

Na nilimkoma. Mama yule yule aliyekuwa ananikataza kushika mwiko, aliinuka siku ile akamwita mume wangu aje na nyundo. Walipigilia misumari kwenye ukuta wa jikoni, juu ya mahali ninapofika. Chumvi ikapanda juu. Upawa ukapanda juu. Majani ya chai, taa, kitambaa changu cha kichwa, vyote juu, upande wa kulia. Nikitaka chumvi, niifuate. Nikiinua mkono wa kushoto ananipiga kwa kanga. "Si huo. Huo hauna kesi." Mezani tumekula mboga isiyo na chumvi, mume wangu anatafuna kimya, ananiangalia kwa huruma, lakini hasimami kunitolea. Alikuwa ameshaonywa.

Ninyi, inauma. Sidanganyi mtu. Asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya ukuta, natembeza vidole kupanda juu kama buibui, kama Rehema alivyonifundisha, mpaka pale kifua kinapovuta, halafu nabaki hapo napumua. Jasho linanitoka na baridi yote ile. Mama anasimama pembeni na kipande cha mkaa, anachora mstari mahali kidole cha kati kilipofika. Kuna siku mstari ulikuwa chini ya wa jana. Nilitukana, mama akajifanya hasikii. Kovu nilikuwa nalikanda kwa mafuta jioni, nalisukuma huku na huku lisishikamane na mbavu. Na kila nikilikanda nilikuwa nastaajabu vilevile kama siku ya kwanza. Pale chini ya vidole vyangu kuna nyuzi zinafumuliwa na kusukwa upya, hazilali, hazilipwi, na zinanisikiliza ninakovuta.

Polepole mkono ukapanda. Siku nilipofikia chumvi, tulikula chakula cha chumvi nyingi mpaka mume wangu akasema, "Jamani." Maneno mengine sikuyasikia.

Sitawadanganya kwamba umerudi wote. Ukinyooka kabisa unavuta hapa ubavuni, na siku nikifanya kazi nyingi unavimba, nafunga bandeji ya kubana. Mikungu mikubwa siibebi tena, nimeambiwa nisibebe. Nikiingia kihambani navaa mikono mirefu nisijikate. Na mazoezi hayakuniponya saratani, tusichanganye mambo. Saratani ilipigwa na dripu, kisu na mionzi, na bado naitwa hapa kupimwa kila inapofika tarehe. Ila naishi.

Nina ombi kwenu kabla sijamalizia. Jipapaseni. Ukikuta mahali pagumu, njoo, hata kama ni siku ya soko. Na mkishapasuliwa, msikilizeni muuguzi anapowaambia inueni mkono, hata akiwa hajazaa. Mkiona pagumu baadaye, msikae nyumbani mkajihukumu kama nilivyojihukumu mimi pale sakafuni. Ulizeni. Ugumu mwingine ni ugonjwa, mwingine ni mwili unakushika kwa pupa, na wa kuwaambia tofauti yake yuko nyuma ya mlango huu. Na ninyi mliowasindikiza wagonjwa, mapenzi yenu tunayahitaji mno. Wapeni mtori, na wawekeeni chumvi juu ukutani.

Sasa nimalizie. Mkono ulipofika juu ya sikio, mama mkwe aliniambia nivae gauni zuri, tunashuka Kiboriloni. Nikadhani anataka kununua kitu. Mlangoni akanipa fimbo, fimbo ndefu ya marehemu baba mkwe. Nikamuuliza ya nini, mimi miguu ni mizima.

Akasema zamani mama mzazi hakutoka tu ndani kama kuku. Miezi yake ikiisha alinyolewa nywele, akavishwa shanga, akapewa fimbo kama ya wazee, akatembezwa polepole mpaka sokoni, na watu wakamwimbia nyimbo walizowaimbia wanaume waliotoka vitani. Yeye aliona kwa macho yake, alipokuwa mtoto. "Mimi nilikuingiza ndani," akasema, "na sijakutoa. Mtu asiyetolewa bado yumo ndani. Nywele dripu zilishakunyoa. Twende."

Tukaenda. Tuliingia sokoni asubuhi watu wamejaa. Jirani yangu wa meza, Mama Kelvin, ndiye aliyetuona kwanza, akaniona na fimbo, akamwona mama ametangulia mbele amekaza kanga kiunoni. Akaacha kupima vitunguu. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini ana umri, akaelewa. Akapiga kigelegele. Wa nyanya wakaitikia, wa mitumba wakaitikia, na bibi mmoja wa ndizi akaanza wimbo wa Kichagga ambao mimi siujui, mama mkwe wangu akaupokea. Nilisimama katikati ya soko langu. Nikainua fimbo kuwashukuru, na nikaiinua kwa mkono wa kushoto, maana ndio niliouzoea.

Mama akaacha kuimba. Soko zima likaacha. Akaniangalia.

Nikaihamishia kulia. Nikainua. Usawa wa kifua, ukavuta. Usawa wa bega, ukavuta. Pale penye sikio ukasimama, nikapumua kama Rehema alivyonifundisha, nikasikia nyuzi zinaachia kidogo, kidogo tena, na fimbo ikapita juu ya kichwa changu, ikabaki huko.

Mama mkwe aliutazama mkono mpaka mimi mwenyewe nikachoka kuushikilia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Kisha akageuka, akaanza kunipangia vitunguu mezani.

"Kesho majani ya ng'ombe unakata wewe," akasema. "Mimi nimechoka."